Alama za bisibisi yangu kwenye kinanda

Jumatano, jioni. Ulemo.

Upepo haujatulia tangu asubuhi, ule wa kiangazi unaoingiza vumbi hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Watu wamefunika alizeti zao kwa maturubai na mawe juu. Nimefunga kibanda mapema. Nimekaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu vyangu miguuni, naandika kwa simu, maana nikingoja nitulie sitaandika kabisa.

Leo sina picha ya bisibisi ya kuwaonyesha.

Mnaonisoma hapa mnajua kazi yangu. Natengeneza redio, vyerehani na taa za sola, na nakusanya bisibisi za zamani. Nyingine nilipewa na mzee mmoja wa Itigi aliyekuwa fundi wa mabehewa. Ninayo ya ncha ya mraba. Ninayo ya tai, ambayo ncha yake imebinywa katikati kama tai fupi ya bwana harusi. Ninayo ya meno mawili yaliyoachana, ya kufungulia skrubu zenye matundu mawili kichwani. Nimezitundika ukutani kwa misumari, na mteja akiingia lazima aulize. Mnanitumia picha za ncha msizozijua, nami nawajibu. Mmezoea kuniita mtaalamu.

Nawaombeni mwache kuniita hivyo. Nitaeleza kwa nini.

Kanisani kwetu kuna kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kililetwa na wamisionari Wamarekani kabla sijazaliwa. Anayekipiga ni Mwalimu Yusta, mwalimu mstaafu, aliyenifundisha darasa la pili. Amekipiga tangu akiwa msichana. Wiki tatu zilizopita aliniita akaniambia kuna sauti moja imekwama, ukibonyeza haitoki. Akanipa ufunguo wa kanisa. Yeye alikuwa anakwenda shambani kupura alizeti, akasema nikimaliza nimrudishie nyumbani.

Nilikwenda Alhamisi alasiri. Nilikigeuza kinanda, nikapiga magoti nyuma yake, nikatazama skrubu nane zilizoshika ubao wa nyuma.

Nilizijua palepale.

Niliwahi kuandika hapa kwamba zile tunazoziita bisibisi za nyota si moja. Kuna nyota ya kawaida, ambayo ncha yake ni butu, kama imekatwa puani. Kuna nyota ya mistari, ambayo katikati ya mikono yake minne kuna vimistari vinne vidogo. Na kuna nyota kali, ya Wamarekani wa zamani, ambayo kwenye vitabu inaitwa Frearson. Ncha yake imechongoka kama sindano ya kushonea magunia, na mikono yake imenyooka. Niliandika kwa herufi kubwa: USITIE NYOTA YA KAWAIDA KWENYE SKRUBU YA NYOTA KALI, HAITAFIKA CHINI, ITATELEZA NA KUHARIBU KICHWA.

Skrubu za kinanda zilikuwa za nyota kali. Zote nane.

Na mimi bisibisi ya nyota kali sina. Sijawahi kuwa nayo. Ile picha niliyowawekea niliichukua mtandaoni, nikaandika maneno yangu chini yake kama vile niliipiga kwenye meza yangu. Hamkuniuliza, na mimi sikusema.

Ningeweza kufunga mlango, nikaenda kwa Mwalimu Yusta nikamwambia, "Mwalimu, hizi skrubu sina kifaa chake." Maneno hayo hayamalizi hata pumzi moja. Lakini nilimwona kichwani akishangaa, akisema, na zile zote ukutani kwako? Nikaona aibu. Peke yangu, ndani ya kanisa tupu, niliona aibu kwa jambo ambalo hakuna aliyeniuliza.

Nikatoa nyota ya kawaida.

Skrubu ya kwanza iliteleza, nikasikia chuma kinasaga chuma. Ya pili nayo. Ya tatu iko chini, karibu na kitambaa cha mfuko wa upepo, ule unaojaa mtu anapokanyaga. Niliegemea kwa uzito wangu wote. Bisibisi ikaruka kutoka kwenye kichwa ikachana kile kitambaa. Tundu lilikuwa na urefu wa kidole changu cha shahada.

Nikasimama. Nikasikiliza kama kuna mtu. Nikakirudisha kinanda ukutani, nikafunga mlango, nikapeleka ufunguo.

"Umekiona?" Mwalimu Yusta akaniuliza. Alikuwa anapepeta, makapi yamejaa kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Sijakigusa, Mwalimu. Nitarudi nikipata nafasi."

Akanishukuru. Akanipa maboga mawili niwapelekee nyumbani.

Jumapili ikafika. Nilikaa benchi la tatu na mke wangu. Mwalimu Yusta akaanza kukanyaga, na sauti ikatoka nyembamba, ikapanda, ikakatika, ikabaki kukoroma. Akakanyaga kwa nguvu zaidi. Niliona mabega yake yanatikisika. Kwaya ikaimba bila kinanda, naye akaendelea kukanyaga hadi wimbo ukaisha. Akageuka akatuambia sote, akicheka kidogo, "Nisameheni. Ni miguu yangu, nimezeeka."

Mimi nikatazama kitabu cha nyimbo.

Kama ingeishia hapo ningekuwa mwoga tu, na woga nimeuzoea. Jumatatu wazee wa kanisa walikigeuza kinanda wakaona tundu na vichwa vya skrubu vilivyokwaruzwa. Wakaanza kuuliza nani aliingia. Mwalimu Yusta akawaambia mimi niliingia lakini sikukigusa. Na aliyeingia kila siku asubuhi, hata Jumatatu ile, alikuwa Mzee Rajabu, seremala, aliyekuwa anatengeneza mabenchi yetu yaliyolegea miguu.

Mzee Rajabu ni mtu wa makamo, baba wa binti mmoja, Zuhura. Yeye ni Mwislamu na hapa kwetu hilo halijawahi kuwa neno. Mabenchi ya kanisa na milango ya msikiti vyote ni kazi ya mikono yake. Lakini siku ile nilisikia mtu akinong'ona, "Ndiyo maana." Ndiyo maana ya nini, hakueleza. Hakuna aliyemuuliza.

Wazee wakaniita. Mzee Msengi, mwenyekiti wao, akasema, "Wewe ndiye unayezijua hizi bisibisi. Tazama alama, utuambie zimetoka wapi."

Nikapiga magoti mahali palepale nilipopiga magoti Alhamisi.

Mzee Rajabu alileta mfuko wake wa vifaa mwenyewe, hakusukumwa na mtu. Bisibisi yake ya nyota ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya mistari. Nyota ya mistari ikiteleza huacha vikwaruzo vidogo vinne katikati ya mikono ya msalaba. Ukiviona mara moja hutavisahau. Nilichukua kioo cha kukuzia nikatazama skrubu tatu moja baada ya nyingine. Vikwaruzo hivyo havikuwepo. Kulikuwa na alama butu za bisibisi yangu, na bisibisi yangu ilikuwa mfukoni, inanigusa paja.

"Tazama vizuri, fundi," Mzee Rajabu akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekutegemea.

"Je?" akauliza Mzee Msengi.

"Inawezekana," nikasema.

"Inawezekana au ndiyo?"

"Inaelekea hivyo."

Nimeyarudia maneno hayo mawili kila siku tangu siku ile. Wakati ule niliyachagua kwa sababu hayakuwa uongo kamili. Nilijiambia kwamba sikumtaja mtu. Nilijiambia pia kwamba mabenchi yamebaki machache, kazi yenyewe ilikuwa inaisha. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Mzee Msengi akamwambia kazi yake kanisani imeishia hapo. Mzee Rajabu aliinama akakusanya patasi zake. Hakujitetea. Alimalizia kufunga benchi moja, ambalo mguu wake alikuwa ameshauchonga, akatuonyesha gundi ikikauka, kwamba lisikaliwe hadi kesho yake. Kisha akapakia mfuko kwenye baiskeli.

Hilo la gundi linanichoma kuliko yote.

Tangu hapo sijalala vizuri wala kula. Mke wangu aliniuliza kama ni malaria. Nilisema labda. Alinipeleka zahanati, nikatobolewa kidole, nikaambiwa sina kitu. Nilitoka pale nikatamani ningekuwa nacho.

Sasa nije kwa leo.

Saa nne asubuhi nilikuwa nafungua redio ya mteja. Kivuli kikaingia mlangoni, nikainua macho, Mzee Rajabu. Nilisimama hadi kiti kikaanguka.

"Shikamoo, Mzee Rajabu."

"Marahaba, fundi. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Karibu."

Akakaa. Akanywa maji niliyompa, yote, taratibu. Akatoa kitambaa cha kaniki mfukoni, akakikunjua juu ya meza yangu. Ndani kulikuwa na bisibisi ya mpini wa mti, mweusi kwa jasho la miaka. Alisema ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyefanya kazi na wamisionari walipojenga kanisa. Ilikuwa chini ya sanduku, hajawahi kuitumia kwa sababu haikai vizuri kwenye skrubu za siku hizi.

"Nisaidie kuitambua," akasema.

Sikuhitaji kuishika. Ncha yake ilikuwa imechongoka kama sindano.

"Ni nyota kali," nikasema.

"Inafungua nini?"

"Skrubu za zamani za Kimarekani." Kisha nikasema, "Za kinanda."

Akaitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi anayeandika jibu. "Na ile yangu uliyoitazama kanisani?"

"Ile ni ya mistari."

"Ikiteleza inaacha alama gani?"

Niliinama kuinua kiti kilichoanguka. Nje upepo uligonga bati, na mtu akapita na pikipiki. Yeye alingoja.

"Mimi simu yangu ni ya kupiga tu," akasema. "Lakini Zuhura anayo kubwa. Jana alikuta mahali unapoandika habari za bisibisi. Akanisomea. Nikamwambia rudia, akarudia. Inasema ya mistari huacha vikwaruzo vinne katikati, mtu huwezi kukosea. Sasa nimekuja unieleze. Zuhura alisoma vibaya, au mimi nilisikia vibaya?"

Niliandika yale mimi mwenyewe, kwa raha, nikiringa, mkaniwekea vidole gumba. Na yeye alifunga safari na upepo huu kuja kuniuliza kwa upole kama ni yeye aliyekosea.

"Alisoma sawasawa," nikasema. "Ni mimi, mzee. Alama zile ni za bisibisi yangu. Na tundu ni langu."

Hakushtuka. Aliitazama bisibisi ya baba yake.

"Kwa nini?"

"Niliona aibu kusema sina kifaa chake."

Akainua macho akatazama ukuta wangu, kuanzia kona ya mlango hadi kona ya dirisha.

"Na zote hizi?"

"Zote hizi. Hiyo sina."

Alicheka pumzi moja, ya puani, isiyo na furaha. Akasema neno kwa Kinyiramba ambalo sitaliandika, na lilinistahili. Kisha akauliza wazee wa kanisa wanakutana lini. Nikamwambia leo, saa tisa. Akasema, "Basi mimi nitakuwa nje." Akafunga bisibisi yake kwenye kitambaa, akaondoka.

Alikuwa hajaniambia nikiri. Hakunitisha. Angeweza kwenda mwenyewe na simu ya Zuhura mkononi, akawasomea wazee maandishi yangu, na ningemalizika. Alikuja kwanza kwangu.

Kuanzia saa ile hadi saa tisa sikugusa kazi. Niliwaza kufunga kibanda niende Misigiri, nikapande basi la kwenda popote. Niliwaza hilo kweli, niliangalia hata begi. Naliandika ili nisije baadaye nikajisimulia kwamba nilikwenda kwa ujasiri. Nilikwenda kwa sababu nilijua atakuwa amesimama nje.

Alikuwepo, kwenye kivuli cha ukuta, ameshika baiskeli. Hatukusalimiana tena.

Ndani walikuwa wazee watano na Mwalimu Yusta. Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno marefu, yakapotea yote. Nikasema, "Kinanda nilikiharibu mimi. Alhamisi ile. Nilitumia bisibisi isiyo yake, nikijua. Mzee Rajabu hakukigusa. Alama nilizijua siku mliyoniita, nikasema uongo."

Mzee Msengi alivua miwani. "Ulituambia inaelekea hivyo."

"Ndiyo, mzee."

"Ulipiga magoti pale mbele yetu, na kioo."

"Ndiyo, mzee."

"Tukamtoa mtu kazini kwa kioo chako."

Hakuna aliyepaza sauti. Afadhali wangepaza. Nilitazama sakafu, mahali ambapo saruji imepasuka.

Kisha Mwalimu Yusta akasema, kama anaongea peke yake, "Mimi nilidhani tundu ni la Jumatatu, na Jumapili nilishindwa kwa uzee. Kwa hiyo si miguu yangu."

Nilimtazama. Alikuwa amekunja kitambaa chake cha mkononi hadi kimekuwa kama kamba.

"Wiki mbili hizi nimekuwa nikifanya mazoezi," akasema. "Nakaa kwenye kiti nyumbani, nakanyaga hewa. Juzi nilimwambia Mchungaji atafute mtu mwingine wa kinanda."

"Mwalimu, nisamehe."

"Ulikuwa mtoto mkweli," akasema. "Darasa la pili ulikuwa mkweli."

Nililia, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, mbele ya wazee, na kamasi. Mmoja wao alitoka akamwita Mzee Rajabu aingie.

Walimwomba radhi. Walisimama wote watano kumwomba radhi, nayo ilikuwa heshima ya kweli. Mzee Msengi akamwambia kazi ya mabenchi ni yake kama awali, na Jumapili atawatangazia watu kanisani kilichotokea. Mzee Rajabu akasema amesikia, na habari ya mabenchi atafikiri. Kisha akatoa kile kitambaa cha kaniki akampa Mwalimu Yusta.

"Ni ya baba," akasema. "Kaa nayo. Atakayekifungua kinanda, akifungue mbele yako."

Hakunitazama aliposema hivyo, wala hakuhitaji.

Imeamuliwa nitakitengeneza mimi, Jumamosi, Mwalimu Yusta akiwa amekaa hapo hapo. Kitambaa nitakishona na kukitia kiraka cha ngozi laini. Zile skrubu tatu nitazitoa polepole na kutafuta nyingine. Hayo yote nayaweza. Sina shaka na mikono yangu.

Tulipotoka, nilimfuata Mzee Rajabu hadi barabarani. Nilitaka aseme kitu, nadhani nilitaka aniambie yameisha, nirudi nyumbani nile. Nikamshukuru kwa kuja kwangu kwanza. Nikamwomba radhi tena.

Akasimama, mkono kwenye tandiko.

"Mimi umeniambia asubuhi. Wazee umewaambia sasa hivi," akasema. "Mama Zuhura hujamwambia. Mimi nilikuwa nakaa ndani na mbao zangu, sikusikia mengi. Yeye ndiye anayekwenda kisimani. Wiki mbili hizi anakwenda saa ya jua kali ili asikute watu."

Akapanda baiskeli. Upepo ulikuwa unamkabili, alikwenda polepole, na nilimwona muda mrefu.

Sikuwa nimemfikiria mke wake hata mara moja. Katika kukosa usingizi kwangu kote, na zahanati, na kutokula, sikuwa nimemfikiria. Nilijifikiria mimi na skrubu tatu.

Mke wangu nimemwambia nilipofika. Alinisikiliza, akaondoa sahani mezani, akatoka nje kukusanya nguo kwenye kamba. Bado hajarudi ndani. Namsikia anaongea na kuku.

Yale maandishi ya nyota ya mistari sitayafuta, ni ya kweli. Ile picha ya nyota kali nimeiondoa leo na kuandika kwamba haikuwa yangu. Mkitaka kuacha kunisoma, acheni.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa Mama Zuhura. Sitamwomba Mzee Rajabu anisindikize. Nimejaribu kupanga nitakachosema na sijapata. Ni mkubwa kwangu, kwa hiyo nitaanza na shikamoo, na kama akiitikia, nitajua kwamba angalau ameniruhusu kusimama mlangoni. Na asipoitikia?

Nitasimama vivyo hivyo.